Kuzoea maisha ya kila siku Ufaransa: salamu, saa, soko, meza na majirani

Aliyelelewa Tanga, Bukavu au Mombasa anafika Ufaransa akiwa na mtaji mmoja mkubwa: anajua thamani ya kusalimia. Kinachomkwaza ni kipimo. Kwetu salamu hurefuka, na kufupisha ni utovu wa adabu. Ufaransa salamu ni ya sekunde mbili, lakini ikikosekana mazungumzo yameshaharibika kabla hayajaanza. Malalamiko mengi kwamba Wafaransa ni wakali, ukiyafuatilia, yanaanzia kwa mtu aliyetoa shida yake kabla ya kusema bonjour.

Salamu: anza hapa

Unapoingia dukani, kwenye bekari, famasi, basi, lifti au ofisi yoyote, fuata mpangilio huu bila kuruka:

1. Sema "Bonjour Madame" au "Bonjour Monsieur", kwa sauti inayosikika, ukimtazama unayemsalimia.
2. Nyamaza, mpe nafasi ya kujibu.
3. Akishajibu, sema unachotaka, na umalizie kwa "s'il vous plaît" (tafadhali).
4. Ukiondoka: "Merci, au revoir, bonne journée." Sema hivyo hata kama hukununua kitu.

Kuuliza njia ni hivyo hivyo: "Bonjour Monsieur, excusez-moi, je cherche la gare, s'il vous plaît." Ukianza na "excusez-moi" peke yake, wengi watakurudishia "bonjour" kwa mkazo. Hayo ni masahihisho: irudie, kisha endelea, na hali itatulia.

Kwenye chumba cha kungojea kwa daktari, anayeingia huwasalimia wote kwa bonjour moja kisha hukaa kimya. Mitaani mjini husalimii wapita njia. Vijijini na kwenye njia za matembezi milimani, unasalimia.

Kuanzia saa kumi na moja au kumi na mbili jioni tumia "bonsoir". "Bonne nuit" ni ya kumuaga anayekwenda kulala, si ya kumuaga keshia. Mtu mmoja humwambii bonjour mara mbili kwa siku, maana ataona umesahau kuwa mlikutana asubuhi. Mkikutana tena, tabasamu latosha, au "rebonjour" kwa mnayezoeana. "Ça va?" hujibiwa "ça va, et vous?" na yameisha. Kuulizia mke, watoto na wazazi wa mfanyakazi mwenzako mpya, jambo ambalo kwetu ni utu, kule huonekana kama kuchungulia nyumba ya mtu. Mshahara, umri, dini na sababu za kutokuwa na watoto huulizwi, na wewe usiulize. Chakula, likizo na hali ya hewa ni salama, na kubishana kwa hoja kuhusu siasa mezani hakuhesabiwi kuwa ugomvi.

Shikamoo haipo. Mzee wa miaka 80 na kijana wa 20 wote hupewa bonjour, na heshima hubebwa na "Madame", "Monsieur" na "vous", yaani "wewe" ya heshima. Tumia vous kwa kila usiyemjua: muuzaji, jirani, mwalimu wa mtoto, karani, wakwe. Wanafunzi wa rika moja huitana "tu", yaani "wewe" ya kirafiki, papo hapo. Kazini, anayependekeza kuhamia tu ni mkubwa kwa umri au cheo, kwa kusema "on peut se tutoyer". Ukikosea kwa kutumia vous, unaonekana mrasimu kidogo. Ukikosea kwa tu, unaonekana umemdharau mtu. Kwa hiyo ukiwa na shaka, vous.

Mkono hupewa kwa ufupi: shika imara, tikisa mara moja, achia. Kuendelea kushikana mikono huku mnaongea, au wanaume wawili kutembea wameshikana, kule hutafsiriwa kuwa ni mapenzi. Kuhusu la bise, yaani salamu ya mashavu: shavu hugusa shavu, sauti ya busu hutolewa hewani, midomo haigusi ngozi. Sehemu nyingi, Paris ikiwemo, ni mbili. Montpellier ni tatu. Na shavu la kuanzia nalo hubadilika kutoka eneo hadi eneo, ndiyo maana watu hugongana pua. Dawa ni kumwachia mwenyeji aanze, wewe ufuate. Usipotaka, nyoosha mkono mapema mkiwa bado hamjakaribiana, huku ukisema bonjour, hakuna atakayechukia.

Kwa asiyeshikana mikono na jinsia nyingine kwa sababu za dini, mkono kifuani pamoja na bonjour na tabasamu hupita kwa watu wengi, hasa ukiwafanyia wote namna hiyo hiyo. Hata hivyo jambo hili si dogo. Mwaka 2018 Conseil d'État, mahakama ya juu ya masuala ya utawala, ilikubaliana na serikali kumnyima uraia mwanamke aliyekataa kuwapa mkono maofisa wanaume katika sherehe ya kupokea uraia.

Saa, namba na majina ya milo

Ratiba zote hutumia saa 24 zinazohesabiwa kuanzia usiku wa manane. Kwa mwenye saa ya Kiswahili kichwani, hesabu ni nyepesi: kuanzia 7h hadi 18h toa 6, kuanzia 19h hadi 24h toa 18. Kwa hiyo 14h30 ni saa nane na nusu mchana, na 20h ni saa mbili usiku. Makosa hutokea pale unapotafsiri miadi kichwani kisha ukaiandika kwa Kiswahili. Iandike kwenye simu kwa tarakimu ulizopewa, kisha mrudishie aliyekupa: "Donc mardi, quatorze heures trente?"

Wanaotoka Kongo, Burundi na Rwanda na Kifaransa chao wana mitego miwili ya kwao. Wa kwanza ni septante na nonante: Ufaransa ni soixante-dix (70) na quatre-vingt-dix (90). Namba za simu husomwa kwa jozi, na hapo ndipo watu huharibu: unasikia "soixante", unaandika 6, kumbe inayofuata ni "dix-huit" na jozi yote ni 78. Usiandike mpaka jozi iishe. Mtego wa pili ni milo. Ufaransa déjeuner ni chakula cha mchana, dîner ni cha usiku, na cha asubuhi ni petit-déjeuner. Aliyezoea kuita cha asubuhi déjeuner na cha mchana dîner anaweza kufika saa saba mchana kwenye nyumba inayomtarajia saa mbili usiku.

Siku ambazo milango imefungwa

Jumapili maduka mengi hufungwa, na kwenye miji midogo Jumatatu pia. Benki nyingi hufunga Jumatatu kwa sababu zimefanya kazi Jumamosi. Kati ya saa sita na saa nane mchana, ofisi na maduka madogo ya mikoani hufunga kwa ajili ya chakula. Nunua vya wiki Jumamosi kabla ya jioni. Bekari nyingi huwa wazi Jumapili asubuhi, na mahali penye soko siku hiyo, soko huisha karibu saa saba mchana. Dawa ikihitajika usiku au Jumapili, soma karatasi iliyobandikwa kwenye mlango wa famasi iliyofungwa: inaelekeza kwa pharmacie de garde, yaani iliyo zamu. Kwa dharura ya ugonjwa piga 15, polisi 17, zimamoto 18, au 112 kwa yote.

Agosti ni mwezi wa likizo. Daktari wako, fundi na hata bekari ya kona wanaweza kufunga wiki mbili au tatu; tangazo husema "congés annuels". Mwenye dawa za kila siku akaandikiwe upya kabla Julai haijaisha. Tarehe 1 Mei karibu kila kitu hulala, na katika miji kadhaa hata mabasi.

Na hili huwashtua sana wageni, hasa waliotoka kwenye vita: Jumatano ya kwanza ya kila mwezi, saa sita mchana, king'ora kikubwa hulia katika miji mingi. Ni majaribio. Waambie watoto mapema.

Bekari, soko na supamaketi

Mkate mzuri zaidi wa kila siku ni "une tradition", aina ya baguette, mkate mrefu mwembamba. Amri ya serikali ya Septemba 1993 inataka usigandishwe, na usitiwe viongezo. Ukiupenda laini sema "pas trop cuite". Ukipenda ganda gumu, "bien cuite". Baguette ina takriban gramu 250 na kesho yake imekauka, kwa hiyo aliye peke yake aombe "une demi-baguette". Usiufunge kwenye mfuko wa plastiki kwani ganda hulegea kama mpira. Funga kwa kitambaa, na utakaobaki ugandishe.

Sokoni, mambo mawili hugeuka kinyume cha Kariakoo au Kongowea. Kwanza, kwenye meza nyingi huchagui tunda kwa mkono wako. Muuzaji ndiye anayechagua, na wewe unamwambia litaliwa lini: "pour ce soir" au "pour jeudi". Kwa tikiti na parachichi, maelezo hayo ndiyo yanayokupatia lililoiva sawasawa. Ukiona vikapu au mifuko ya kujihudumia, hapo chagua. Pili, bei iliyoandikwa haipatanwi, na kujaribu kunamfedhehesha muuzaji. Anayetaka nafuu aende nusu saa ya mwisho kabla soko halijafungwa, wauzaji wanapopunguza wenyewe. Kupatana bei kuna mahali pake: vide-grenier na brocante, masoko ya vitu vya mitumba. "Une livre" ni nusu kilo. Na kwenye bei, mkato hukaa penye nukta yetu: 2,50 € ni euro mbili na senti hamsini.

Supamaketi: nenda na mfuko wako, na sarafu ya euro 1 ya kufungulia toroli, ambayo utaipata ukilirudisha. Angalia kama matunda yanapimwa kwenye mzani wa ndani wenye vibandiko. Ukifika kwa keshia bila kibandiko utarudishwa huku foleni inakungoja. Weka kigawanyio nyuma ya bidhaa zako, maliza simu kabla hujafika kwa keshia, msalimie, na ufungashe mwenyewe.

Kwenye basi, panda mlango wa mbele, salimia dereva, gusisha kadi yako kwenye mashine hata kama umelipia mwezi mzima. Tiketi isiyothibitishwa hutozwa faini, na mkaguzi hasikilizi kuwa u mgeni. Kwenye ngazi za umeme simama kulia. Metro ikijaa, inuka kwenye viti vya kukunja karibu na mlango.

Mgahawani

Jikoni huwaka kati ya saa sita na saa nane mchana, kisha saa moja hadi karibu saa nne usiku. Ukifika saa tisa na nusu alasiri utaambiwa limefungwa, isipokuwa penye maandishi "service continu". Simama mlangoni, sema "Bonjour, nous sommes deux", ungoje kuonyeshwa meza. Bei nafuu ni "formule" ya mchana, yaani mlo wa bei moja, au "plat du jour", chakula cha siku. Omba "une carafe d'eau": maji ya bomba ni bure kwa anayekula, kwa mujibu wa sheria, na mkate nao haulipiwi. Ukisema "de l'eau" tu, unaweza kuletewa chupa ya kulipia.

Ukiagiza nyama ya ng'ombe utaulizwa iiveje. "Saignant" ina damu, na "à point", ambayo wengi wetu hudhani ndiyo iliyoiva, bado ni nyekundu katikati. Sema "bien cuit". Chai ya maziwa kama ya nyumbani haipo. "Un thé" ni kikombe cha maji moto na mfuko wa majani. Maziwa uombe, na yataletwa baridi kidogo tu. "Un café" ni kikombe kidogo kikali. Unayetaka maziwa mengi agiza "un crème". Kahawa ya kunywa umesimama kaunta mara nyingi ni nafuu kuliko ya mezani nje.

Mhudumu humwiti kwa kupiga makofi wala kusema "garçon". Mtazame, inua mkono kidogo: "s'il vous plaît". Bili haiji mpaka uiombe, "l'addition, s'il vous plaît", kwa kuwa kuileta mapema ni kama kumfukuza mteja. Huduma imo ndani ya bei. Ukiridhika acha sarafu chache, usipoacha hukosei.

Ukialikwa nyumbani

Hapa ndipo urafiki wa Kifaransa unapoanza kweli, na hapa pia ndipo taratibu zinapokuwa nyingi. Kwanza fahamu umealikwa nini. "Prendre l'apéro" ni vinywaji, zeituni na vitafunwa vya chumvi kuanzia karibu saa moja jioni, na kufikia saa mbili, mbili na nusu unaaga. Usiende na njaa. "Apéro dînatoire" ni kula vitu vidogo vidogo mpaka mshibe. "Dîner" ni mlo kamili, na unaweza kuchukua saa tatu.

1. Siku unapokubali mwaliko, sema usichokula: "Je ne mange pas de porc", "je ne bois pas d'alcool". Ukinyamaza ukaja kukataa mezani, mwenyeji atafadhaika kwa kuwa amepika kwa ajili yako. Kwa anayekula halali tu, sema wazi, na upendekeze samaki au mboga.
2. Omba anwani yote: namba ya mlango wa nje (le code), ghorofa, kulia au kushoto. Majengo mengi hayana kengele inayoonekana mtaani, na hodi haifiki ghorofa ya nne.
3. Usimwongeze binamu aliyefika jana bila kuuliza. Sahani zimehesabiwa.
4. Fika dakika 10 hadi 15 baada ya saa uliyopewa. Kabla ya saa ni kosa, kwani mwenyeji bado anajiandaa. Ukichelewa zaidi ya dakika 20, tuma ujumbe. Kwa daktari au ofisini, kinyume chake, fika dakika tano kabla.
5. Beba maua, chokoleti nzuri au keki kutoka pâtisserie. Wanywaji hubeba mvinyo, ila si lazima. Maua ya krisanthemu usipeleke: ni ya makaburini, tarehe 1 Novemba.
6. Kuhusu viatu, tazama mwenyeji amevaa nini, au uliza.
7. Subiri uonyeshwe kiti, na usianze kula mpaka mwenyeji aanze. Wakigonganisha glasi, inua hata yenye juisi, mtazame kila mmoja machoni, useme "santé".

Mikono yote miwili hukaa juu ya meza, vifundo vikigusa ukingo. Mkono uliofichwa mapajani si adabu kule. Mkate huwekwa juu ya kitambaa cha meza pembeni ya sahani, humegwa kwa mkono, na ndio unaosukumia chakula kwenye uma. Majani ya saladi hukunjwa kwa kisu na uma badala ya kukatwa. Jibini huja kabla ya kitamu cha mwisho, na huzunguka mara moja: kata kipande kinachobakiza umbo lake. Ya duara ikate kama keki. Ya pembe tatu, kama brie, usikate ncha, maana ncha ndiyo sehemu tamu na utakuwa umewanyima wengine.

Ukiongezewa ukasema "merci" tupu, huku unatikisa kichwa, sahani itapita: kule merci ya namna hiyo humaanisha hapana. Ukitaka sema "oui, je veux bien" au "volontiers". Kula ulichopakuliwa ukimalize. Kesho yake tuma ujumbe wa shukrani, na baada ya wiki kadhaa waalike na wewe. Pilau yako itapokewa kwa furaha kuliko unavyodhani; pilipili weka kando.

Kumtembelea mtu bila taarifa, hata rafiki wa karibu, epuka. Tuma ujumbe siku chache kabla.

Jengo unaloishi

Kuta ni nyembamba na subira ya majirani ina mipaka. Kuanzia saa nne usiku hadi saa moja asubuhi kelele huhesabiwa kuwa tapage nocturne, na polisi wakija faini ni euro 68. Mashine ya kufulia, nyundo na viatu virefu vinahusika. Mchana nao si ruhusa ya kelele zisizo na kipimo. Ukiwa na sherehe, bandika karatasi kwenye lifti siku tatu kabla, ukiandika jina, ghorofa, tarehe, saa ya kumaliza na namba ya simu. Jirani mwenye namba yako atakupigia wewe badala ya kupiga 17.

Majengo mengi yanakataza kuanika nguo kwenye roshani. Soma kanuni za jengo kabla ya kununua kamba. Taka hutenganishwa: vifungashio na karatasi kwenye pipa la njano, chupa za kioo kwenye kontena lake la mtaani, na mabaki ya chakula nayo yana utaratibu wake tangu 1 Januari 2024. Godoro au kabati bovu usiliache kando ya barabara. Piga simu ofisi ya meya uliza siku ya "encombrants". Mlinzi wa jengo, gardien, msalimie kila siku. Mwezi wa Desemba wakazi humpa bahasha ya fedha kidogo, na wazimamoto na wapeleka barua hupita na kalenda za kuuza kwa kiasi utakachopenda.

Dini na mavazi

Hijabu inaruhusiwa barabarani, sokoni na kwa wanafunzi wa chuo kikuu. Katika shule za serikali hadi lycée (sekondari ya juu), sheria ya 15 Machi 2004 inawakataza wanafunzi alama za dini zinazojitokeza, na tangu Septemba 2023 abaya zimeingizwa humo. Kufunika uso hadharani kumekatazwa na sheria ya Oktoba 2010. Mtumishi wa umma akiwa kazini havai alama ya dini. Zungumza na binti yako kabla ya siku ya kwanza ya shule, si getini.

Ofisini

Weka faili moja lenye pasi, cheti cha kuzaliwa kilichotafsiriwa na mtafsiri aliyeapishwa, namba ya akaunti ya benki (RIB) na uthibitisho wa makazi, justificatif de domicile, usiozidi miezi mitatu. Unayekaa kwa ndugu, ongeza barua yake ya kuthibitisha kuwa unakaa kwake, attestation d'hébergement, nakala ya kitambulisho chake na bili yake. Beba nakala mbili za kila kitu. Mwenye viza ya muda mrefu ya aina ya VLS-TS aithibitishe mtandaoni ndani ya miezi mitatu tangu kuingia. Akipitiliza, anaanza kuonekana hana kibali.

Karani akisema "ce n'est pas possible" (haiwezekani), usipandishe sauti na usiondoke. Uliza kwa upole: "Comment je peux faire, alors?", yaani nifanyeje basi. Mara nyingi ndipo anapotaja karatasi inayokosekana au ofisi nyingine. Ombi lolote zito, kama kuacha nyumba ya kupanga au kudai dhamana, litume kwa barua ya rejista yenye kurudishiwa saini ya mpokeaji, lettre recommandée avec accusé de réception, na risiti yake uibane pamoja na nakala ya barua.